Maharage Kumi ya Mzee Salvatori

Naikumbuka Jumatatu moja ya Pasaka, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya kitenge nilichofungia kinanda. Kilikuwa cha kijani, cha mama yangu, na nilikichukua bila kuomba. Nilikaa nyuma ya Fuso pamoja na wanakwaya wenzangu, kinanda nimekipakata kama mtoto mchanga, tukitoka Kasulo kwenda Biharamulo kuimba kwenye kanisa la watu waliotualika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mpiga kinanda pekee wa kwaya yetu, na nilikuwa na maringo ambayo leo nikiyafikiria najicheka mwenyewe.

Kabla sijaendelea nikuambie kwa nini nakusimulia. Kila Jumamosi jioni nikitoka shambani napita nyuma ya kanisa, na nawasikia wewe na mwenzako wa gitaa mkijifunza ule wimbo wenu mpya mlioutoa kwenye simu. Mnaanza vizuri kabisa. Mnafika pale katikati, pale vidole vinapotakiwa kukimbia, mnaanguka. Mnacheka. Halafu mnarudi mwanzo. Mnaanza vizuri tena, mnaanguka palepale tena. Huu sasa ni mwezi wa pili. Huo mwanzo wenu hata mbuzi wangu anaujua, lakini ile katikati hakuna aliyewahi kuisikia. Juzi nilikaribia kuingia na jembe begani niwagombeze, nikasita, kwa sababu mimi nilikuwa hivyohivyo, tena kuwazidi. Nikaona afadhali nikuandikie, maana nikisema kwa mdomo nitapandisha sauti.

Kinanda chetu cha wakati ule kilikuwa cha betri, cheusi, chenye vitufe vingi kuliko nilivyohitaji. Katika vyote hivyo mimi nilivipenda viwili. Cha kwanza kilikuwa cha ngoma: ukikibonyeza, kinanda kinapiga mdundo chenyewe, na mdundo ukiwa mkubwa hakuna anayesikia vidole vyako vimekosea wapi. Cha pili ndicho kilichoniponza. Ni kile cha kupandisha na kushusha sauti. Unakijua, nami nimekuona ukikitumia, usitazame pembeni. Mimi nilijifunza kupiga ufunguo mmoja tu, ule wa C, ambao mkono unatembea juu ya vibao vyeupe bila kugusa vyeusi. Kwaya ikitaka wimbo uwe juu zaidi, sihangaiki. Nabonyeza kitufe mara mbili, mara nne, kisha naendelea na vibao vyangu vyeupe. Vile vyeusi kwangu vilikuwa pambo.

Kwaya yetu ilifundishwa na Mwalimu Laurian, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alikuwa ametunga wimbo mmoja ambao aliuhangaikia miaka mingi, akiziandika nota zake kwenye daftari la hesabu. Katikati ya wimbo ule waimbaji wananyamaza. Gitaa linauliza, kinanda kinajibu, mistari minne mizima ya nota, na sauti zinashuka kwa kasi kutoka juu mpaka chini kabisa. Sehemu hiyo sisi tuliipa jina la Rusumo, kwa sababu ilituteremsha kama lori linaloshuka kuelekea mpakani.

Mwaka huo Mwalimu alipata uhamisho. Likizo ya mwezi wa sita ikifika, angeondoka na familia yake kwenda kufundisha mbali. Alituambia wazi kwamba kabla hajafunga mizigo anatamani jambo moja tu: kuusikia wimbo wake ukipigwa wote, walau mara moja, kama alivyousikia kichwani siku alipouandika.

Hakuwahi kuusikia hivyo, na sababu ilikuwa mimi. Kila tulipofika Rusumo niliongeza sauti ya ngoma, nikapitisha mkono juu ya vibao kama mtu anayefuta meza, na tukatokea upande wa pili kwenye kiitikio. Wanakwaya walidhani wimbo ndivyo ulivyo. Mwalimu alijua. Alinionea huruma tu asiniambie, na mimi nilijifanya sioni anavyonitazama.

Gitaa lilipigwa na Mzee Salvatori. Alitoka Burundi miaka ile ya kambi za wakimbizi, akakaa Lukole, kisha akaoa kwetu Kasulo na kulima migomba na maharage kama sisi wote. Kumbe hakuwa mzee hata kidogo. Leo mimi nimeshaupita umri aliokuwa nao. Lakini mvi zilimwahi, tukawa tunamwita Mzee na kumpa shikamoo, naye akaipokea kwa raha zake zote.

Basi tulifika Biharamulo. Mzee wa kanisa wa pale alitupokea kwa chai na viazi vitamu. Alipokiona kinanda changu ndani ya kitenge, alicheka kwa furaha.

"Hicho kiache kipumzike, binti. Hapa kwetu kuna piano."

Ilikuwa piano ya kweli, ya mbao, waliyoachiwa na wamisionari wa zamani, na fundi alikuwa ametoka kuitengeneza wiki hiyohiyo. Walitaka kila kwaya ngeni iimbe nayo. Ndiyo ilikuwa fahari yao, na ungekuwa utovu wa adabu kuikataa. Mwalimu Laurian akanigeukia.

"Utaiweza, Adventina?"

Nami, kwa mdomo wangu huuhuu, nikajibu, "Mwalimu, piano na kinanda ni ndugu."

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikaa, nikanyoosha gauni, nikapeleka mkono wa kushoto kutafuta kitufe. Hakipo. Nikapapasa pembeni. Nikapapasa chini ya vibao, mwisho nikainama kabisa nikachungulia kwa chini. Mzee wa kanisa akasogea taratibu, akaninong'oneza.

"Binti, umeangusha kitu?"

"Natafuta kitufe cha kupandisha sauti."

Alinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Piano haina kitufe," akasema. "Ina vibao tu."

Mwalimu alikuwa ameshainua mikono. Wimbo ule ni wa ufunguo wa E, unataka vibao vyeusi vinne, na mimi sikukijua hata kimoja. Nikaanza kwa C yangu. Kwaya ikachukua sauti kutoka kwangu, wangefanyaje? Besi walishuka chini mpaka sauti ikawaishia, wakabaki kufungua na kufunga midomo. Soprano waliimba kama wanaume wenye mafua. Mzee Salvatori, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeshajipanga kwenye E, alisikiliza pigo langu la kwanza, akahama palepale bila hata kukunja uso.

Tukafika Rusumo. Gitaa likauliza. Nikapeleka mkono, na safari hii hapakuwa na ngoma ya kunifunika. Nilipiga vibao vitatu, cha nne kikakataa. Nikarudia, kikakataa. Nikaondoa mikono, nikaiweka mapajani, na kanisa zima likawa linanitazama mgongo. Ndipo gitaa likajijibu lenyewe. Mzee Salvatori aliuliza na kujibu, mstari baada ya mstari, mpaka akatufikisha kwenye kiitikio.

Watu walipiga makofi ya adabu. Watoto waliokaa mbele walicheka bila adabu yoyote. Mimi nilimtazama Mwalimu Laurian, naye alikuwa ameinamia lile daftari lake la hesabu, analifunga polepole. Kisha padri mwenyeji, mtu mcheshi, akasimama na kusema wimbo ameupenda sana, ila anadhani amesikia nusu, kwa hiyo turudi siku ya Pentekoste tumletee nusu iliyobaki. Kanisa likaangua kicheko. Mimi nilitamani sakafu ipasuke initie ndani.

Njiani Fuso ilisimama Nyamigogo tununue mahindi ya kuchoma. Wanakwaya walikuwa wanabishana nini kifanyike Pentekoste. Mmoja alisema tudai piano yao inatuchanganya. Mwingine alisema tuimbe wimbo mwingine. Mwalimu Laurian akasema kwa sauti yake ileile ya upole, "Tutabeba kinanda chetu, wataelewa. Yaishe." Upole ule uliniuma kuliko kile kicheko cha kanisani.

Nilibaki ndani ya gari peke yangu. Mzee Salvatori akapanda akiwa na mahindi mawili.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, ingawa asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi chake. "Kula."

Nikala kidogo. Halafu nikasema, "Piano yao ni mbovu."

"Oya," akasema, na kwao hiyo ni hapana. "Piano yao ni nzima. Imekusema tu."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia yeye ana bahati, gitaa halina mambo ya vibao vyeusi na vyeupe. Alicheka mpaka punje za mahindi zikamtoka mdomoni.

"Mimi nilikuwa na kijiti," akasema. "Nilikifunga kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa baiskeli. Wimbo ukitaka kupanda, nakisogeza kijiti, vidole vyangu vinapiga vilevile siku zote. Ni kitufe chako hichohicho. Nilisifiwa, we! Halafu tukakimbia vita. Gitaa nililibeba, kijiti nikakisahau. Nafika Lukole watu wananiambia, piga tuimbe, na mimi najua njia moja tu."

"Si ungekata kijiti kingine?"

"Nilikata. Nilikata vitatu. Kulikuwa na mzee mmoja mle kambini, yeye ndiye aliyenifundisha gitaa upya. Alivichukua vyote vitatu akachochea moto wa uji."

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka tena. Alifuta mikono kwenye suruali, akanitazama.

"Sikiliza, Adventina. Mwalimu amekuhurumia, ndiyo maana anataka kubeba kinanda. Mimi sikuhurumii. Yule mtu anaondoka, na wimbo wake hajausikia. Una wiki saba."

"Saba kasoro siku moja," nikasema.

"Ego, ndiyo. Basi hiyo moja usiipoteze kwa kulia."

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo, na pembeni yake amelaza ubao mrefu aliouchonga vizuri. Juu ya ubao alikuwa amechora vibao vya piano kwa mkaa, vyeupe na vyeusi, sawasawa na upana wa vile vya kweli. Kinanda chenyewe kilifungiwa kanisani, kikitolewa siku za mazoezi tu, Jumatano na Jumamosi, ili betri zisiishe. Hizo siku nyingine ningepiga ubao.

"Ubao hautoi sauti, Mzee," nikamwambia.

"Sauti utaitoa wewe. Vidole vinapiga, mdomo unaimba do, re, mi. Mdomo na vidole vikiachana, umekosea."

Nikaweka vidole, nikaanza wimbo mwanzoni kama kawaida yangu. Akafunika ubao kwa ungo, maharage yakamwagika nusu.

"Mwanzo unaujua," akasema. "Mwanzo haukuhitaji. Nipe nota tano za mwisho za Rusumo."

Nikashangaa. Nani anajifunza wimbo kuanzia mwisho? Yeye alichagua maharage kumi kwenye ungo, mekundu, mazuri, akayapanga mstari upande wangu wa kushoto. Utaratibu wake ulikuwa huu: nikipiga zile nota tano bila kosa, harage moja linahamia kulia. Nikikosea, hata kama ni kidole kimoja, yote yaliyohama yanarudi kushoto naanza upya. Mpaka yote kumi yahame kwa mfululizo, hatuongezi nota ya sita.

Siku hiyo nilihamisha manne. Kisha nikakosea, nikahamisha sita, nikakosea, nikahamisha mawili. Mwishowe nikayarusha uani kwa hasira, na kuku wakawahi mawili. Mzee Salvatori aliokota yale manane, akachagua mengine mawili kwenye ungo, akayapanga tena kushoto.

Nyumbani nilikaa na ubao mapajani. Mama alinikuta naimba nota kwa sauti huku vidole vinakimbia juu ya mkaa, akamwita shangazi yangu waje washuhudie.

"Adventina, huo ubao unasemaje?" akauliza shangazi.

"Unasema anirudishie kitenge changu," akasema mama.

Wiki zikaenda. Zile nota tano zikawa kumi, zikawa mstari mzima, ule wa nne. Tukarudi nyuma kwenye wa tatu. Jumatano na Jumamosi, mazoezi yakiisha na Mwalimu akienda zake, sisi wawili tulibaki kanisani na kinanda. Mara ya kwanza Mzee Salvatori alitoa mfukoni plasta ya kidonda, akavibandika vile vitufe vyangu viwili, cha ngoma na cha kupandisha sauti. "Hivi ni wagonjwa," akasema, "visiguswe." Tulipiga taratibu mno, yeye akiuliza, mimi nikijibu, na kila nilipotaka kukimbia alisema neno moja, "Buhoro," yaani polepole. Siku moja Mwalimu Laurian alirudi kuchukua mwavuli aliousahau. Akasimama mlangoni akatusikiliza, akatusifu, akauliza huo ni wimbo gani. Wimbo wake mwenyewe! Tulikuwa tunaupiga taratibu hivyo. Alipoondoka tulicheka mpaka Mzee Salvatori akalazimika kuweka gitaa chini.

Usidhani zilikuwa raha tupu. Wiki ya tano nilikwama kwenye mstari wa pili. Nafika harage la tisa, nakosea, yote yanarudi. La tisa tena, yanarudi. Siku ya tatu nikamwambia Mzee Salvatori maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikaenda zangu, nikakaa siku mbili bila kugusa ubao. Hakunifuata. Siku ya pili nilitumwa dukani nikapita nyumbani kwa Mwalimu. Alikuwa uani anafunga vitabu kwenye viroba, na lile daftari la hesabu ameliweka pembeni juu ya kigoda, peke yake, hajalifunga na mengine. Nikamwamkia. Akaniuliza habari za nyumbani. Hakuuliza habari za wimbo. Nilinunua chumvi niliyotumwa, na kutoka dukani nikanyoosha moja kwa moja mpaka kwa Mzee Salvatori, na mfuko wa chumvi mkononi. Maharage kumi yalikuwa yamepangwa kushoto yananisubiri. Jioni ile yalihama yote, na mama alikula mboga bila chumvi.

Wiki ya mwisho aliongeza jambo moja ambalo sikuelewa maana yake. Tukiwa tunapiga, ghafla ananyamaza na kusema, "Wa tatu!" nami lazima nianzie mstari wa tatu papo hapo. "Wa nne!" "Wa pili!" Nikasema hayo ni mateso ya bure, wimbo unaanza mwanzo unaisha mwisho, nani atanitaka nianzie katikati? Akasema, "Mimi ndiye ninayekutaka."

Pentekoste ikafika. Kinanda tulikiacha Kasulo. Nilimwambia Mwalimu Laurian nitapiga piano yao, akasema haya, kwa namna ya mtu aliyejiandaa kuumia. Kule Biharamulo mzee wa kanisa alinisindikiza mpaka kwenye kiti.

"Kitufe umekipata, binti?"

"Nimekuja bila kitufe, baba."

Nikaanza. E, vibao vyeusi na vyote. Nilimwona Mwalimu akigeuza kichwa pigo la kwanza tu. Kwaya ikaingia, besi wakiwa na sauti zao, soprano wakiwa wanawake tena. Vidole vilijua pa kwenda. Kiitikio kikaisha, waimbaji wakanyamaza, gitaa likauliza. Nikajibu. Likauliza, nikajibu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, tukateremka Rusumo yote mpaka chini, sikuruka hata nota moja. Mwanangu, nimezaa watoto watano, nimejenga nyumba, lakini furaha ya namna ile nimeipata siku hiyo tu.

Tukafika chini. Hapo kwaya inatakiwa kuingia kwa ishara ya Mwalimu.

Ishara haikuja. Nikatupa jicho. Mwalimu Laurian alikuwa amesimama mikono imening'inia, macho ameyafumba, anasikiliza. Alisahau kabisa kwamba yeye ndiye anayeongoza. Wanakwaya arobaini walikuwa wamevuta pumzi, wanamtazama, hakuna anayethubutu kuanza, na ukimya ukaanza kuwa mrefu. Wale watoto wa mbele walishaanza kugusana viwiko.

Mzee Salvatori akaniinamia. "Wa pili," akasema.

Gitaa lake likauliza mstari wa pili, nami nikajibu hapohapo, kama tulivyofanya mara elfu kwenye ubao wa mkaa. Kidole kimoja kilikosea, nikapita, sikurudi. Wa tatu. Wa nne. Mwalimu akafumbua macho, akashtuka, akainua mikono juu, na safari hii kwaya ikaingia kwa nguvu mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Wenyeji wakadhani wimbo ndivyo ulivyotungwa. Mpaka leo kule Biharamulo wanapiga Rusumo mara mbili.

Misa ilipoisha Mwalimu alinifuata kwenye piano. Alifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Niliomba nisikie mara moja," akasema. "Mmenipa mara mbili."

Kisha akanishika kichwa. Daftari la hesabu alimwachia Mzee Salvatori. Wiki mbili baadaye aliondoka, na tulimsindikiza mpaka stendi tukiimba.

Yale maharage nilimrudishia Mzee Salvatori. Yalikuwa yameng'aa kwa kushikwashikwa. Nilimuuliza niyapeleke wapi, akasema, "Harage linapelekwa wapi? Kapande." Hakuwahi kuniambia nilipiga vizuri, mwanangu. Aliniuliza wimbo unaofuata ni upi. Sasa amelala Kasulo, juu kidogo ya shamba lake, na nikipita huwa namwamkia.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, na nitaisema wazi usije ukasema bibi aliandika hadithi tu. Acha kurudi mwanzo. Mwanzo unakupendeza kwa sababu unauweza, na unakupotezea jioni zako. Nenda moja kwa moja pale unapoanguka, pakate vipande vidogo, anzia mwishoni, piga taratibu mpaka mtu akipita asiujue wimbo. Mwambie na mwenzako wa gitaa akitoe kile kibanio shingoni mwa gitaa kwa mwezi mmoja. Kitufe si dhambi. Siku hizi hata mimi mgongo ukiniuma nakitumia. Lakini jifunze kwanza kupiga bila kitufe, ili siku kitakapokosekana mtu aliyekutegemea asiaibike kwa ajili yako. Na ukipata mtu wa kukuambia ukweli bila kukuhurumia, hata akikuudhi, mrudie. Mimi nilirudi na mfuko wa chumvi mkononi, na sijajuta.

Ndani ya karatasi hii nimekufungia maharage kumi. Mbegu ni ileile; nimeipanda na kuivuna kila msimu tangu mwaka ule. Yapange kushoto. Kuku wafungie. Jumamosi nitapita nyuma ya kanisa kama kawaida, na nikisikia mmeanzia mwanzo, naingia na jembe.

Mungu akubariki vidole vyako, mwanangu, akupe subira ya harage la tisa, na akujalie mtu mmoja wa kusahau kuongoza kwaya kwa sababu anakusikiliza wewe.